Bastola ya Kawaida

Aprili 1896, katika uwanja wa kulenga shabaha wa Kallithea, Athens, ndugu wawili kutoka Boston walizuiwa kushindana. John na Sumner Paine hawakuwa wachanga katika mchezo huo. Shindano la bastola ya kijeshi la mita 25 lilikuwa lao: John wa kwanza, Sumner wa pili. Katika bastola huru ya mita 30 Sumner aliibuka mshindi, baada ya John, mdogo wake, kujitoa na kumwachia uwanja. Lakini walipotaka kuingia shindano la kufyatua kwa kasi, waamuzi walizitazama bastola zao za kipenyo cha .22 wakasema hicho si kipenyo cha kawaida. Ushindi ukaenda kwa Mgiriki, Ioannis Phrangoudis. Leo hii, katika shindano la kasi la Olimpiki, .22 ndicho kipenyo pekee kinachoruhusiwa.

Mimi si mlenga shabaha wa mashindano. Nimeingia katika jambo hili kwa mlango wa neno, na neno lenyewe ni hilo lililowatoa akina Paine uwanjani. Kiswahili kina kaida na kina kawaida, maneno mawili ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Kaida ni kanuni. Kawaida ni yale watu wanayoyafanya siku zote, ila hata hili halijaacha kabisa kuamrisha. Bibi akimwambia mgeni, “Kawaida ya nyumba hii tunakula baada ya magharibi,” anaeleza na anaagiza kwa pumzi moja, na mgeni mwenye adabu husikia yote mawili. Kila chombo kinachoamua ni bastola gani ikubaliwe mashindanoni huzungumza kama bibi huyo. Kinadai kinaeleza tu kitu cha kawaida, na papo hapo kinaweka kaida. Tofauti kati ya tapo moja na jingine iko katika swali hili: kawaida ya nani?

Kwa waamuzi wa Athens ilikuwa kawaida ya jeshi. Bastola ilieleweka kuwa silaha ya ofisa, na kipenyo kilichokubalika ni kile ambacho maofisa walikuwa wakibeba. Mawazo hayo hayakufa upesi. Karibu na Michezo ya Berlin ya 1936, Mhungaria Károly Takács, ambaye tayari alikuwa mlenga shabaha hodari, aliachwa nje ya timu ya nchi yake kwa sababu alikuwa sajini, na nafasi zilikuwa za maofisa pekee. Bastola yake haikuwa na kasoro. Cheo ndicho kilichopungua. Mwaka 1938 guruneti lililipuka na kuuharibu mkono wake wa kulia; akajifunza kwa mkono wa kushoto, na mwaka 1948 na 1952 akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi. Nimemtaja mapema kwa sababu mbele tutaona tena kwamba swali juu ya bastola aghalabu huficha swali juu ya mtu aliyeishika.

Mei 1976, mjini Columbia, jimbo la Missouri, kikazaliwa chama cha kimataifa cha ulengaji wa vitendo, IPSC, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa Marines. Kaulimbiu ya chama ni maneno matatu ya Kilatini: usahihi, nguvu na kasi. Mchezo huu hauchezwi kwa kusimama wima mbele ya duara moja. Mlengaji huanza na bastola ikiwa kiunoni, kengele ikilia hukimbia, hujificha nyuma ya ukuta wa mbao, hubadilisha magazini akiwa mwendoni, na alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Waanzilishi walitaka mchezo uwe maabara ya kujua bastola inavyotumika kweli. Mwanzoni bastola zote zilishindana pamoja, na kilichofuata kingetabiriwa na yeyote aliyewahi kuona watu wakishindana. Mafundi walichomeka vipoza kishindo kwenye ncha za mitutu, wakafunga vilengeo vya nuru, wakapanua mdomo wa mpini ili magazini iingie bila kukwama. Katika miaka michache bastola ya bingwa ilikuwa chombo ambacho hakuna mtu angekivaa kwenda dukani. Miaka ya 1990 michuano ikagawanywa katika madaraja, vyombo vya aina hiyo vikapewa daraja la Open, na karibu na mwaka 2000 likaja daraja linaloitwa Production, yaani la bastola kama ilivyotoka kiwandani.

Hapa ndipo neno letu linapobanwa hadi likalia. Katika Production ya IPSC haitoshi bastola kuwa ya kiwandani. Sharti jina la modeli yake liwemo katika orodha iliyoidhinishwa. Mtutu usizidi milimita 127. Magazini isiwe na zaidi ya raundi 15 kengele inapolia. Kwa miaka mingi kifyatulio kilitakiwa kihimili kilo 2.27 katika risasi ya kwanza. Ukiacha vilengeo, mwili wa nje haubadilishwi, na vipuri ni vile vya mtengenezaji mwenyewe. Alama nazo zimesawazishwa. Katika madaraja mengine, anayetumia risasi yenye nguvu zaidi hulipwa alama 4 anapogonga eneo la pembeni ambalo mwenye risasi dhaifu hulipwa 3. Katika Production wote huhesabiwa kama wenye risasi dhaifu, hivyo baruti nyingi haimnunulii mtu kitu.

Anayeomba kibali kwa kawaida si mlengaji. Ni kiwanda, au wakala wake, ndicho kinachopeleka modeli na kuthibitisha kwamba inauzwa wazi kwa umma. Mlengaji hufika siku ya mchuano na kukuta maamuzi yameshatolewa, na kazi ya mkaguzi ni kulinganisha jina lililochongwa kwenye chuma na jina lililo kwenye karatasi. Kwa hiyo kawaida inayolindwa hapa ni ya duka: je, mtu yeyote mwenye pesa na leseni angeweza kuinunua bastola hii jana? Naliheshimu swali hilo. Ni swali la kijamii kuliko la kiufundi, na linamtetea mtu asiye na fundi wake binafsi.

Hata hivyo duka si moja. Chukua Glock 34. Ni bastola ya kiwandani, imeuzwa kwa raia na polisi, na tawi la Marekani la mchezo huu, USPSA, liliikubali katika Production yake. Mtutu wake una urefu wa milimita 135. Milimita 8 za ziada, ambazo hazifiki upana wa kidole cha shahada, zinaitoa katika Production ya IPSC. Mtu huyohuyo, na chuma kilekile, ni wa kawaida akiwa Texas na si wa kawaida akivuka kwenda kushindana Ulaya. Raundi nazo zilikuwa hivyohivyo: kwa miaka mingi USPSA iliruhusu 10 pale IPSC iliporuhusu 15, kabla ya Wamarekani kuongeza idadi yao. Namba hiyo 10 ilikuwa ndiyo kikomo cha magazini mpya za raia katika sheria ya shirikisho ya Marekani kuanzia 1994 hadi 2004. Sheria ya nchi ilikwisha muda wake, lakini kivuli chake kikabaki uwanjani muda mrefu.

Kisha kuna jambo ambalo orodha yoyote huzaa. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka Toyota Celica ya Safari Rally, iliyoshinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Nilikuwa mtoto kando ya barabara ya vumbi, na gari lililopita lilikuwa na jina lilelile la gari nililoliona mjini, ila sauti yake haikuwa ya gari lile. Kanuni za Kundi B zilidai magari 200 tu yatengenezwe ili modeli ikubaliwe. Kundi A lilidai 5,000. Viwanda havikuchukua gari la watu na kulipeleka mbioni. Vilijenga gari la mbio, kisha vikatengeneza idadi iliyotakiwa ili liitwe gari la watu.

Bastola zimepita njia hiyohiyo. Mwaka 2016 kiwanda cha CZ cha Jamhuri ya Cheki kilitoa Shadow 2, bastola ya chuma kitupu yenye uzito wa gramu 1,330 hivi, iliyosanifiwa kwa ajili ya kushinda Production. Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982 na ambayo ilikuwa mfano halisi wa bastola ya kawaida, haifiki gramu 700 ikiwa tupu. Uzito hutuliza mkono, na chuma kikubwa hakiruki. Shadow 2 haikuvunja sharti hata moja. Iko dukani, yeyote mwenye leseni anainunua, na jina lake limo. Lakini kila mwaka ukipita, orodha inasema kidogo zaidi juu ya bastola ambazo watu huwa nazo na inasema mengi zaidi juu ya bastola ambazo watu hununua ili wawe ndani ya orodha. Tayari mwaka 1996 kundi la walengaji wa Marekani waliokuwa wamechoshwa na vyombo vya mashindano lilijitenga na kuanzisha IDPA, likisisitiza bastola inayoweza kuvaliwa na kufichwa chini ya shati. Kawaida iliponyanyuka kwenda juu, wao waliifuata kule chini ilikobaki.

Tapo la Olimpiki halina imani na majina. Shirikisho la kimataifa la ulengaji, ISSF, huleta mezani kasha. Kwa bastola ya upepo ya mita 10 kasha lina milimita 420 kwa 200 kwa 50. Kwa bastola ya kasi ya mita 25, milimita 300 kwa 150 kwa 50. Bastola iingie na vyote vilivyoshikamana nayo, ama irudi nyumbani. Kisha huja jiwe la mizani. Mtutu husimamishwa wima, jiwe hutundikwa kwenye kifyatulio, na mlengaji hujaribu kuliinua kutoka mezani: gramu 500 kwa bastola ya upepo, gramu 1,000 kwa ile ya kasi. Anapewa majaribio matatu.

Nakipenda kitendo hicho kuliko nilivyotarajia. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye vibaba na pishi anakielewa mara moja. Kibaba hakiulizi mchele umelimwa Mbeya au Kahama, wala nani aliyeuza. Kinajaa au hakijai. Vivyo hivyo kasha halijui bei ya bastola, wala halijui kama kuna nyingine kama hiyo duniani. Ndiyo sababu mpini wa bastola ya Olimpiki unaweza kuchongwa kwa mbao kufuata kiganja cha mtu mmoja tu, ukatiwa vinyweleo na mashimo ya kila kidole, na usizue malalamiko. Katika Production kitu hicho hakifikiriki. Kawaida inayolindwa na kasha ni ya mkono: hata kama chombo kimeshonwa mahsusi kwako, uzito wa kifyatulio utaubeba wewe, sawa na mwenzako.

Tapo hili nalo limewahi kuhamisha mipaka yake kwa kishindo. Hadi Michezo ya Athens ya 2004, bastola ya kasi ilitumia risasi fupi ya .22 isiyo na mrusho wa kutajika, mitutu ikiwa chini karibu na ngumi na vifyatulio vikiwa laini kama unyoya. Kuanzia 2005 vyote hivyo vilifutwa: risasi ndefu ya .22, gramu 1,000, kasha jipya. Chuma cha mamilioni kikawa cha makumbusho kwa usiku mmoja. Ralf Schumann wa Ujerumani, aliyechukua dhahabu mwaka 1992, 1996 na 2004 kwa chombo cha zamani, alirudi Beijing mwaka 2008 na chombo kipya, akapata fedha nyuma ya Oleksandr Petriv wa Ukraine. Sijui ushahidi bora zaidi wa kile ambacho jiwe la mizani linadai kupima. Bastola huru ya mita 50, iliyokuwa na kifyatulio kisicho na kikomo chochote, iliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio 2016, ambako Jin Jong-oh wa Korea Kusini aliishinda kwa mara ya mwisho. Na Paris 2024 dunia ilishangaa kumwona Yusuf Dikeç wa Uturuki akisimama mkono mfukoni, na miwani ya kawaida, akipata fedha ya timu mchanganyiko. Watu walisema alikuja bila vifaa. Bastola yake ilikuwa chini ya sharti la kasha na gramu 500 kama za wote waliokuwa wamevaa lenzi na vikingo vya macho.

Tofauti kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, huonekana mtu anaposhindwa ukaguzi. Katika ISSF bastola hupimwa tena baada ya kufyatua, kwa walengaji walioteuliwa kwa kura, na kifyatulio kikishindwa kuinua jiwe mlengaji anafutwa. Alama zake hazipo tena. Katika IPSC, anayekutwa na bastola isiyo ya Production huhamishiwa Open, daraja la vipoza kishindo na vilengeo vya nuru. Risasi zake zinahesabiwa, jina lake linabaki kwenye matokeo, ila sasa analinganishwa na watu wenye vyombo vyenye nguvu kumzidi. Nimelifikiria hili mara nyingi. Tapo la jiwe linaamini kuna mipaka ya mchezo wenyewe, na aliyeivuka hakucheza. Tapo la orodha linaamini kila bastola ina jamii yake mahali fulani, na kosa ni kukaa baraza isiyo yako. La pili lina huruma zaidi. Nalipenda kwa hilo, ingawa orodha yenyewe imenichosha.

Yote haya yanachukulia kwamba mlengaji ameruhusiwa kumiliki bastola. Katika nchi nyingi hapo ndipo idhini halisi ilipo, na hapo kawaida inakuwa ya raia. Japani inatoa leseni za bastola ya risasi ya michezo kwa watu 50 nchi nzima, na za bastola ya upepo kwa watu 500. Huko hakuna haja ya kubishania milimita 8. Kanada imechagua njia nyingine. Tangu 21 Oktoba 2022 raia wa kawaida hawezi kununua wala kurithi bastola, ila wameachwa wanaoshindana, wanaojifunza au wanaofundisha michezo ya bastola iliyo katika ratiba ya Olimpiki na Paralimpiki. Mchezo wa IPSC haumo. Kwa hiyo Shadow 2 iliyoidhinishwa na orodha ya chama cha kimataifa haina njia halali ya kufika mikononi mwa kijana wa Toronto anayeanza leo, wakati bastola ya kasi ya .22 inaweza. Serikali imekopa kipimo cha Olimpiki na kukifanya sheria ya jinai.

Kwetu Afrika Mashariki swali bado liko katika leseni. Sheria ya Silaha ya Kenya, sura ya 114, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya 2015, humtazama mwombaji na sababu zake. Walenga shabaha wanaokutana Kirigiti, Kiambu, kwa mtindo wa IPSC wanabeba idhini mbili kwa wakati mmoja, ya serikali na ya orodha, na ya kwanza ndiyo inayoweza kuwatoa uwanjani kabla hawajafika. Nadhani ndiyo sababu huku mazungumzo ya daraja hayasikiki sana nje ya uwanja. Mtu aliyehangaikia leseni miezi mingi hana haraka ya kuuliza urefu wa mtutu.

Uingereza imefika mbali kuliko wote, na kwa sababu ambayo hakuna mtu anayepaswa kuipita haraka. Machi 13, 1996, mtu mwenye bastola alizokuwa nazo kihalali aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mbili, ya kwanza ikipiga marufuku bastola kubwa, ya pili ikijumuisha hata .22. Walengaji wa timu ya taifa walienda kufanya mazoezi ng'ambo, na ilipokaribia London 2012 wachache wateule wakapewa ruhusa maalumu ya kujifua nyumbani. Sioni kosa katika uamuzi huo, hata ninapowaonea huruma walengaji. Watoto 16 ni hoja ambayo hakuna orodha ya madaraja inayoweza kuijibu.

Lakini sheria hiyo nayo ililazimika kuandika maana ya bastola, na ikaiandika kwa vipimo. Kilichopigwa marufuku ni silaha yenye mtutu chini ya sentimita 30, au yenye urefu wote chini ya sentimita 60. Mafundi wakafanya walichofanya CZ na Toyota. Walichukua bastola ya mzunguko, wakaipa mtutu mrefu, na kwenye mpini wakachomeka ufito wa chuma unaotoka nyuma hadi zitimie sentimita 60. Ukiileta kwenye meza ya ISSF, haiingii kwenye kasha. Ukiitafuta kwenye orodha ya Production, haimo na haitakuwamo. Katika viwanja vya Uingereza ina mashindano yake, na mwenye cheti huisajili kihalali. Anapoinyanyua kulenga shabaha, ufito ule hulala kando ya mkono wake, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko.